Mapambo Yasiyo ya Dhahabu: Yapi Hudumu?

Geita, nchi ya dhahabu, iko ng'ambo ya pili ya Mwanza, lakini si kila bwana arusi wa Lamadi awezaye kununua pete ya dhahabu. Wengi hununua ya madini mengine, na baada ya miezi michache hunung'unika. Basi yafaa tujue kila aina huharibika kwa njia gani.

Dhahabu haishiki kutu, lakini ni laini. Ndiyo sababu masonara huichanganya na shaba na fedha. Iitwayo karati 18 ina sehemu 18 tu za dhahabu katika 24.

Shaba ilivaliwa sana na wazee wetu. Katika karne ya 19 misafara ya Wanyamwezi iliileta kutoka Katanga, alikotawala Msiri, Msumbwa, hata alipouawa mwaka 1891. Wahunzi wakaivuta kuwa nyuzi za bangili. Kwa jasho hugeuka kijani, tena huacha alama ngozini. Lakini kutu hiyo hukaa juu juu: huko Sanga, katika Katanga, yamefukuliwa makaburini mapambo ya shaba yaliyozikwa zaidi ya miaka 700 iliyopita. Limau na chumvi huirudishia mng'ao, kisha ioshwe kwa maji. Na bangili iliyovunjika huyeyushwa ikafanywa mpya. Shaba ya manjano, iliyotiwa zinki, ni ngumu zaidi kidogo. Fedha nayo huwa nyeusi, lakini husuguliwa ikang'aa.

Chuma kisichoshika kutu kina kromiamu, ambayo hufanya utando usioonekana wa kukikinga. Kwa mwanamke aoshaye dagaa kila siku, naona hakuna kifaacho zaidi kwa bei ndogo, ila nikeli iliyomo huwasha ngozi za watu wengine. Pete ya tangisteni haikwaruzwi hata na mchanga. Lakini ikianguka sakafuni yaweza kupasuka, wala sonara hawezi kuipanua kidole kikinenepa.

Iliyo mbaya kupita zote ni ile iliyopakwa dhahabu. Ngozi yake ni nyembamba kuliko karatasi. Mchanga wa kusugulia sufuria huila upesi, ikatokea shaba. Mnunuzi na amwulize muuzaji: Ni dhahabu mpaka ndani, au juu tu? Na jibu liandikwe katika stakabadhi, pamoja na karati zake.