Kapangiwa Shule ya Kata? Usikimbilie Mkopo

Mama mmoja wa Morogoro ameniandikia: bintiye kapangiwa kidato cha kwanza shule ya kata, naye anataka kukopa kwenye kikoba ampeleke bweni la kulipia. "Dada, uso wangu nitauficha wapi?"

Mdogo wangu, uso uache hapo hapo ulipo. Shule za serikali zimebadilika sura kila kizazi. Tabora, alikosoma Nyerere, wakoloni waliifungua wakiwalenga watoto wa machifu. Pugu ilikuwa ya wamisionari, baadaye serikali ikaichukua. Enzi za wazazi wetu, waliochaguliwa walikuwa wachache, na mtoto wa Songea aliweza kupangiwa Mwanza, akabeba tranka lake akaenda. Miaka ya 1970 ikaja michepuo: kilimo, ufundi, biashara, sayansikimu.

Shule za kata zilishamiri kuanzia 2004, kwenye Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES). Wananchi walichangishwa, wakasomba mawe na mchanga, madarasa yakasimama haraka kuliko walimu walivyopatikana. Ndipo wakaja wale walimu tuliowaita "vodafasta": katoka kidato cha sita, kapigwa msasa kidogo, kashika chaki. Jina baya lilianzia hapo, sibishi. Lakini Kikwete, akiwa Rais, aliagiza shule hizo zijengewe maabara, na tangu 2016 hakuna ada hadi kidato cha nne. Leo zipo kata zinazofaulisha na zipo zinazotia huruma, kwa hiyo neno "kata" peke yake halikwambii kitu.

Nenda shuleni kabla hujakopa. Uliza walimu wa hesabu na fizikia ni wangapi, na kama wote wameajiriwa au kuna wa kujitolea. Omba kuona maabara. Kama imejaa madawati mabovu, umeshajibiwa. Na wakikwambia shule ina mkondo wa amali, ule wa stadi za kazi ulioletwa na sera mpya ya elimu, usinune ukidhani ni wa waliofeli. Kaangalie karakana kwanza. Vifaa vikiwepo, mimi ningemwacha mtoto hapo bila kuwaza mara mbili.

Jambo litakalonifanya nikwambie kopa ni umbali. Shule nyingi za kata ni za kutwa, na mabinti wa mbali huishia kupanga geto karibu na shule, peke yao, wana miaka kumi na minne. Hapo sikubali. Ulizia hosteli au ndugu wa kumpokea, na vyote vikikosekana, hiyo pesa ya kikoba ichukue.