Sauti Nzuri Haitoshi: Kwa Wanaotaka Kusomea Ualimu wa Muziki

Mhariri ameniomba mimi, mwanafunzi wa zamani wa shule hii, nieleze jinsi mwimbaji awezavyo kujitayarisha kuomba nafasi katika chuo cha muziki. Yafaa nianze na kushindwa kwangu.

Nilipomaliza shule nilikuwa nikiimba sauti ya tatu katika kwaya moja ya Marangu, na watu walinisifu sana. Nikaenda kujaribiwa chuoni bila hofu. Wimbo wangu niliuimba vema. Kisha nikapewa karatasi yenye nota juu ya mistari mitano, nikaambiwa niiimbe. Sikuweza hata kuanza, kwa maana nilijua kusoma do, re, mi tu, kama wanakwaya wengi wa huku mlimani. Nikarudi nyumbani kwa aibu, nikakaa mwaka mzima nikimsaidia baba katika kahawa na migomba.

Mwaka ule mwalimu wetu wa kwaya, mtu mzima sana, alinionya nisiidharau do, re, mi. Njia hiyo ilienezwa Uingereza na John Curwen katika karne ya 19, akifuata kazi ya Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, kusudi watu wa kawaida waweze kusoma muziki. Ajuaye njia hiyo amekwisha fika nusu ya safari. Somo alilonipa ni hili:

1. Do ikiwa juu ya mstari, mi na so huwa juu ya mistari miwili inayofuata kwenda juu. Do ikiwa katika nafasi, mi na so huwa katika nafasi mbili zinazofuata.

2. Ili kuipata do, tazama alama zilizo mwanzoni. Shapu ya mwisho upande wa kulia ni ti. Basi do ni nusu hatua juu yake. Flati ya mwisho ni fa; hesabu kushuka: fa, mi, re, do.

3. Kati ya mi na fa, na kati ya ti na do, pana nusu hatua tu. Hapo ndipo wengi hukosea.

Nilijizoeza kila asubuhi, nikisoma nyimbo nisizozijua, kwa maana wimbo unaoujua huusomi, waukumbuka tu.

Mwaka uliofuata nikarudi. Karatasi niliisoma polepole, lakini sawasawa. Kisha wakaletwa wanafunzi wanne, nikaambiwa niwafundishe wimbo mfupi. Ndipo nilipofahamu kwamba anayetafutwa ni mtu awezaye kuwafanya wengine waimbe. Nikakubaliwa.

Basi, anayetaka njia hii asingoje. Muziki hufundishwa katika chuo kikuu kilichopo Makumira, karibu na Usa River, na katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Bagamoyo ipo TaSUBa, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa. Kila chuo kina masharti yake, na ya stashahada si ya shahada; ulizeni mapema. Wala msiache masomo mengine, kwa kuwa alama za mtihani hutazamwa kabla sauti haijasikiwa.

Leo jioni mchukueni mwenzenu mmoja asiyejua kuimba, mkamfundishe mstari mmoja. Akiuweza, mmeanza kazi. Kuimba ni kupokezana.