Mtoto wa jicho na taa za barabarani: somo kwa mashofere na jamaa zao

Wandugu wafanyakazi, nanyi mama wa nyumbani, somo letu la leo ni la macho. Linawahusu kwanza mashofere wa kamyo, wa mabasi ya wafanyakazi na wa mashini za shimoni, lakini kila anayepanda gari lao atapata faida.

Mtoto wa jicho ni nini?

Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, kuna lenzi. Lenzi nzima ni safi kama maji. Kazi yake ni kukusanya mwangaza uanguke vizuri nyuma ya jicho. Miaka ikipita, protini za lenzi hushikamana, na ukungu huingia. Ugonjwa huu hauumi, wala jicho haliwi jekundu. Kwa hiyo mtu anaweza kuendesha gari muda mrefu bila kujua kwamba anao.

Uzee ndio sababu ya kwanza. Zingine ni ugonjwa wa sukari, pigo la jicho, tumbaku, jua kali, joto la tanuru la miaka mingi, na dawa za kotizoni zinazotumiwa siku nyingi bila daktari.

Kwa nini taa zinapofusha?

Tazama kioo cha mbele cha kamyo wakati wa kiangazi. Chini ya mti, unaiona njia vizuri kupitia vumbi lililo juu ya kioo. Geuza kamyo, elekea jua: kioo chote kinakuwa cheupe! Vumbi halikuongezeka. Ila kila chembe inatawanya mwangaza pande zote. Lenzi yenye ukungu hufanya vilevile, nayo hakuna kitambaa cha kuipangusa.

Kwa hiyo shofere anayetoka Likasi kurudi Kolwezi jioni anapata shida mara mbili: kwanza jua linalotua mbele yake, halafu taa za kamyo zinazokuja. Kwa mwendo wa kilometa 80 kwa saa, gari linapita karibu metre 22 kila sekunde. Ukipofushwa sekunde 3 tu, umekwenda metre 66 bila kuona. Ndani ya metre hizo kuna nafasi ya mtu wa baiskeli, mtoto, au kamyo iliyoharibika bila taa.

Dalili za kuangalia

1. Taa zina duara la mwangaza au miale mirefu.
2. Baada ya gari kupita, macho yanakawia kuona njia.
3. Rangi zinafifia, au nyeupe inaonekana ya manjano.
4. Miwani inabadilishwa mara kwa mara bila kusaidia.

Jambo moja msilisahau: mtu anaweza kusoma vizuri herufi za ukutani katika chumba cha dispensari, na usiku asione njia. Pale chumbani hakuna taa inayompiga usoni. Kwa hiyo usingoje kuulizwa. Mwambie muganga: «Taa za usiku zinanisumbua.» Mama, ukiona mume wako anakwepa kuendesha usiku, au anajikwaa jioni, mshauri aende kupimwa.

Matibabu

Hakuna dawa ya matone inayoondoa ukungu huo, na majani ya miti yanaweza kuharibu jicho kabisa. Dawa ni upasuaji: daktari wa macho anatoa lenzi iliyoharibika na kuweka ya plastiki. Daktari Harold Ridley aliweka ya kwanza London mwaka 1949. Kwa kawaida kazi hiyo haifiki saa nzima, na mgonjwa hasikii maumivu makali. Uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 2002 ulionyesha kwamba wazee waliopasuliwa walipata ajali za gari karibu nusu tu ya zile za wenzao wasiopasuliwa.

Wakati wa kungoja matibabu, usiendeshe usiku. Mchana safisha kioo cha mbele, ndani na nje, na vaa kofia yenye ukingo. Kila mtu apunguze taa anapokutana na gari lingine. Mwenye kazi ya moto avae miwani ya ulinzi.

Wengine wananyamaza kwa kuogopa kutolewa kazini. Ndugu, lenzi inaweza kubadilishwa. Mtu aliyegongwa usiku harudishwi.