Legeza Mabega: Kijitabu cha Afya kwa Kaya za Kilosa na Mikumi

Wingu zito likitanda upande wa milima, kaya nyingi za kando ya Mto Mkondoa hazilali vizuri. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yalibomoa nyumba, yakakata reli ya kati na kuwaacha maelfu ya watu kwenye mahema. Januari 2014 ikawa zamu ya Magole na Dumila. Nyumba zimejengwa upya, lakini mwili wa aliyenusurika haujasahau: radi ikipiga usiku taya linabana, moyo unakwenda mbio, tumbo linasokota. Hali hiyohiyo anaijua mkulima wa Mikumi anayekesha shambani ili mahindi yasiliwe na tembo, na mke wa dereva wa lori anayesubiri simu kwamba mumewe ameshavuka hifadhi ya wanyama salama.

Kijitabu hiki kinaeleza namna ya kuusikiliza mwili huo na kuulegeza bila kuufokea.

Kinachotokea mwilini

Ubongo ukihisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini kwenye damu. Moyo huongeza kasi, pumzi hufupika, misuli hukaza tayari kwa kukimbia au kupambana. Tembo akiwa mbele yako, hiyo ni kinga. Shida huja mwili unapobaki hivyo wiki nzima kwa sababu ya deni la kikoba, sare za shule au ugomvi wa mpaka wa shamba. Shingo hukakamaa, kichwa hugonga, usingizi hukatika, na mtoto anachapwa kwa kosa ambalo siku nyingine lingepita tu.

Tahadhari moja mapema: wilaya yetu ina malaria. Kichwa kikiuma na mwili ukiwa wa moto, usiseme ni mawazo. Nenda ukapime siku hiyohiyo.

Kuukagua mwili jioni

Kazi zikiisha, keti kwenye mkeka, mgongo ukiegemea ukuta. Pita mwilini taratibu kuanzia usoni hadi nyayoni, ukijiuliza pamekazaje hapa. Aliyeshinda na jembe la mkono atakuta viganja bado vimejikunja kana kwamba vimeshika mpini. Aliyebeba ndoo ataikuta shingo ngumu. Dereva atakuta mabega yamepanda. Usiharakishe kurekebisha, kwanza tambua tu.

Kisha kaza kwa makusudi. Daktari Edmund Jacobson wa Marekani, aliyechapisha kitabu chake kuhusu kulegeza misuli mwaka 1929, alifundisha kwamba mtu hujifunza kulegea kwa kuhisi tofauti kati ya msuli uliokaza na uliolegea. Kumwambia mtu "tulia" hakumsaidii kama hajui ni wapi pamekaza. Basi kunja ngumi, hesabu polepole hadi tano, achia vidole vifunguke vyenyewe. Kaa kama nusu dakika ukisikia joto linavyorudi viganjani. Pandisha mabega hadi karibu na masikio, achia. Finya uso wote, achia, taya lining'inie. Malizia kwa mapaja na vidole vya miguu. Usikaze hadi uumie, ruka sehemu yenye jeraha, na mjamzito asikaze tumbo.

Pumzi nayo isaidie. Vuta kwa pua kwa hesabu ya tatu, toa taratibu kwa hesabu ya sita. Unapotoa pumzi ndefu, mshipa wa fahamu utokao kwenye ubongo hadi moyoni hupunguza kasi ya mapigo.

Mtoto akiuliza, "Mama, mbona umekunja ndita?" usimfukuze. Mwambie, "Mabega yangu yamechoka, mwanangu. Njoo tuyalegeze wote." Watoto hulipenda zoezi la ngumi.

Aliyepigwa, aliyebakwa, aliyezama akaokolewa au aliyeona mauaji anaweza kuzidiwa na kumbukumbu akifumba macho wakati wa zoezi. Huyo asifumbe. Akanyage chini kwa nyayo zote mbili, ashike kitu kama kikombe au ukingo wa kigoda, ataje vitu anavyoviona pale alipo. Zoezi likimtia hofu, aache; hajakosea chochote.

Maneno unayojiambia

Mahindi ya jirani yakizolewa na maji tunakwenda kumpa pole, tunakaa naye, wala hatumuulizi kwa nini alilima bondeni. Yakizolewa yetu, tunajiita wazembe na wajinga usiku kucha. Kujitukana huko kunaukaza mwili uleule tuliotaka kuulegeza. Kwangu mimi hapa ndipo penye kazi kubwa, hasa kwa wanaume waliolelewa kuona maumivu kuwa aibu. Weka kiganja kifuani, jiite jina lako kwa sauti ya chini, useme: "Leo imekuwa ngumu. Umechoka. Umefanya ulichoweza." Huku si kujidekeza. Deni litakuwepo kesho, na aliyelala atapanga vizuri zaidi namna ya kulilipa.

Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya aina hii ya wiki tano, yanayotolewa kwa vikundi kupitia sauti iliyorekodiwa na kitabu cha picha. Kujitendea wema ni mojawapo ya masomo yake. Yalijaribiwa kwa wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini walioko Uganda, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kuwa msongo wao ulipungua. Kikoba chako nacho kinaweza kutenga dakika chache za mazoezi haya kabla ya kuhesabu hisa.

Wakati wa kwenda kituoni

Mazoezi haya hayachukui nafasi ya dawa ya presha wala ya kifafa. Maumivu makali ya kifua, kukosa pumzi, au ganzi ya upande mmoja wa mwili ni dharura. Ukikosa usingizi au hamu ya kula kwa wiki mbili, au ukinywa pombe ili ulale, nenda zahanati, Hospitali ya Wilaya ya Kilosa au Mtakatifu Kizito Mikumi. Usiishie kusema "mwili unauma". Mweleze mhudumu na mawazo uliyonayo. Mtu akisema anataka kufa, msikilize bila kumkemea, usimwache peke yake, ondoa viuatilifu vya shamba ndani ya nyumba, na mfuatane hospitali siku hiyohiyo.