Nyanya na dawa za asili: ukweli ni upi, uvumi ni upi?



Katika msimu A uliopita tulitembelea shamba la mama mmoja, memba wetu, huko milimani Kivu ya Kusini. Nyanya zake zilikuwa kama vile moto umepita. Majani yalikuwa meusi, matunda yalikuwa na madoa magumu ya kahawia, na juu ya yote kulikuwa na majivu. Mama alituuliza: «Agronome, nilitia majivu kila asubui sawa vile mulitufundisha. Juu ya nini zimekufa?»

Swali hilo lilituuma. Ni kweli, katika mafunzo tulisema kama majivu ni mazuri. Hatukueleza yanafaa kwa kazi gani na hayafai kwa kazi gani. Mama alipoteza mavuno, na pamoja nayo minervali ya watoto. Kwa hiyo leo turudie somo hilo vizuri zaidi.

1. «Majivu yanaponyesha ugonjwa wa majani.»

Hapana. Ugonjwa ulioua nyanya za mama unaitwa mildiu. Unapenda baridi na mvua, na mbegu zake ndogo sana zinabebwa na upepo na matone ya maji. Asubuhi, geuza jani lenye doa: ukiona kama unga mweupe chini yake, njo wenyewe. Ugonjwa huo unashika viazi pia. Ndio uliooza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, na watu karibu milioni moja walikufa. Majivu hayawezi kuuzuia, tena mvua ya kwanza inayaosha.

Kazi ya kweli ya majivu ni katika udongo. Yana potasi na chokaa, na yanapunguza ukali wa udongo wenye asidi. Konzi moja kwa mita mraba kwa mwaka inatosha. Lakini usiyachanganye na mbolea mbichi ya ng'ombe au mkojo. Ile harufu kali inayopanda puani ni chakula cha mimea kinachopotea hewani.

2. «Dawa ya asili haina mubaya.»

Uvumi huu ni wa hatari kuliko yote. Wengine wanachemsha tumbaku na kunyunyizia nyanya. Ni kweli inaua wadudu, kwa sababu nikotini ni sumu kali. Lakini sumu hiyo inapita kwenye ngozi ya mtu anayenyunyiza, na inaweza kubaki kwenye tunda atakalokula mtoto. Zaidi ya hayo, majani ya tumbaku yanaweza kubeba virusi vya mozaiki, vinavyoshika nyanya na pilipili. Kanuni nyingi za kilimo hai haziruhusu tumbaku leo. Na mwenye kuvuta sigara anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa miche.

3. «Maji ya sabuni yanaua wadudu wote.»

Nusu ni kweli. Yanaua wale wadudu wadogo wenye mwili laini wanaojaa chini ya majani na kunyonya maji ya mmea. Lakini yanaua tu mdudu aliyeguswa na maji hayo. Yakikauka, kazi imekwisha. Kata sabuni ya kipande, kijiko kimoja cha supu kwa lita moja ya maji, nyunyiza jioni, chini ya majani. Jaribu kwanza kwenye mmea mmoja na ungoje siku mbili. Usitumie sabuni ya unga wala javeli: zinaunguza majani.

4. «Tunda likioza chini, weka maganda ya mayai.»

Tunda linakosa chokaa, ni kweli. Lakini mara nyingi chokaa iko katika udongo, ila mmea hauwezi kuivuta kwa sababu maji hayafiki sawasawa: leo mengi, juma zima hakuna. Maganda yanaoza polepole sana, hayataokoa nyanya za msimu huu. Mwagilia kwa kipimo, funika udongo kwa majani makavu.

Basi mildiu tuifanye nini?

Mmea ukisha kushikwa sana, hakuna dawa ya kuuponyesha, ya asili wala ya dukani. Tunazuia mbele. Acha nafasi ya sentimita 50 hadi 60 kati ya miche, ili upepo upite. Simamisha nyanya kwa miti. Ondoa majani ya chini yanayogusa udongo. Mwagilia kwenye shina, usimwagilie juu. Usipande nyanya karibu na viazi, na usizirudishe mahali pale pale kabla ya miaka mitatu. Weka maharagi au mahindi. Mmea mgonjwa ung'oe mara moja, uchome au uuzike chini sana.

Dawa ya shaba, ile ya buluu, inaruhusiwa katika kilimo hai, lakini inakinga tu, haiponyeshi. Shaba haiozi, inabaki katika udongo. Fuata kipimo cha kwenye karatasi yake, usizidishe.

Jaribuni wenyewe

Musituamini sisi tu. Katika shamba la koperative, pandeni mistari miwili: mbegu moja, siku moja, mbolea moja. Mstari mmoja mutie ile dawa munayosikia kwa watu, mwingine musitie. Kila juma muhesabu mimea migonjwa na muandike katika kayé. Kama hakuna tofauti, mumejua.

Yule mama amekubali kuanza jaribio hilo msimu huu, na majivu yake ameyaweka katika udongo.

Maswali ya kujadiliana katika kikao

- Ni dawa gani za asili tunazotumia hapa kwetu? Kila moja inapigana na nini: mdudu, ugonjwa, ao njaa ya udongo?
- Nani kati yetu aliwahi kulinganisha mstari uliotiwa dawa na usiotiwa? Aliona nini?
- Wanaonyunyiza dawa wanavaa nini, na watoto wako wapi wakati huo?