Somo: Mafuta ya Mimea na Usafi wa Uso

Wanja na rangi ya midomo huchanganywa kwa nta na mafuta. Ndiyo sababu maji matupu hayaviondoi vipodozi hivyo, na sabuni kali huviondoa kwa kuikausha ngozi. Mafuta huyeyushwa na mafuta. Mkazi wa Soweto, mjini Moshi, hana haja ya chupa ya kigeni: alizeti hukamuliwa nchini, na mafuta yake yafaa.

Matone machache hupakwa juu ya uso mkavu, macho yakiwa yamefumbwa, kisha hupanguswa kwa kitambaa laini chenye maji ya vuguvugu. Mwenye chunusi aepuke mafuta ya nazi, kwani huziba vitundu vya ngozi.

Linalowahusu makatibu ni uhifadhi. Mafuta yanayoanikwa juani katika chupa angavu huchacha, na yaliyochacha huiwasha ngozi; duka la chama liyaweke gizani. Yaliyokwisha kukaangia samaki hayafai, hata yakichujwa mara saba.

Wala yasidhaniwe kuwa yatamwokoa aliyejipaka krimu ya kujichubua yenye zebaki. Sumu hiyo hupenya ngozi na kudhuru figo, nayo krimu hiyo imepigwa marufuku nchini.