Kashe na Kasi ya Kumbukumbu katika Majaribio ya Vichakataji

Utangulizi

Katika maduka ya tarakilishi ya Moi Avenue na Luthuli Avenue, jijini Nairobi, sifa ya kwanza inayotajiwa mnunuzi ni kichakataji: gigahezi kadha, au alama kadha katika jaribio la kupima kasi. Mwanafunzi anayetumia sehemu ya mkopo wake wa masomo kununulia mashine ya kuandikia tasnifu huamini kwamba namba kubwa ni ishara ya kazi ya haraka. Makala haya yanaonyesha kwamba alama ya jaribio haipimi kichakataji peke yake, bali pia njia ambayo data hupitia hadi kukifikia.

Dhana za Msingi

Data na maagizo ya programu hukaa katika kumbukumbu kuu, ambayo wauzaji huiita RAM. Kati ya kumbukumbu hiyo na kichakataji huwekwa kashe, yaani kumbukumbu ndogo, ya haraka na ya gharama kubwa, inayohifadhi nakala za data iliyotumika karibuni. Baadhi ya watafsiri wa programu hutumia neno "akiba". Neno hilo lina mashiko, lakini wahenga walisema akiba haiozi, ilhali yaliyomo katika kashe huondolewa kila mara ili kupisha data mpya. Kwa sababu hiyo, neno "kashe" ndilo linalotumiwa hapa.

Uhusiano huu waweza kufafanuliwa kwa mfano wa mama mboga wa Kangemi, magharibi mwa jiji, anayewakatia wateja sukumawiki. Kisu chake ni kichakataji, meza yake ni kashe, na soko la Wakulima, maarufu kama Marikiti, ni kumbukumbu kuu. Akipimwa kwa mafungu 10 yaliyo mezani, atasifiwa kwa wepesi wa mkono. Akipimwa kwa mafungu 1,000, kinachopimwa hasa ni safari ya Waiyaki Way, na kisu kikali zaidi hakitamfaa. Safari yenyewe ina vipimo viwili: muda wa kungoja mzigo wa kwanza, na ukubwa wa mzigo unaoletwa kwa mara moja. Katika tarakilishi za kisasa, kashe iliyo karibu zaidi hujibu kwa takriban nanosekunde 1. Kumbukumbu kuu huchukua makumi ya nanosekunde.

Ushahidi wa Kihistoria

Mwaka 1998, kampuni ya Intel ilitoa kichakataji cha Celeron cha megahezi 300 kisichokuwa na kashe ya ngazi ya pili. Mwaka huo huo ilitoa Celeron 300A, chenye megahezi zile zile lakini kikiwa na kashe ya kilobaiti 128. Katika programu za kawaida za ofisi, cha pili kilikiacha cha kwanza nyuma waziwazi.

Majaribio nayo yana upungufu wake. Dhrystone, lililobuniwa mwaka 1984, ni dogo mno hivi kwamba hutoshea lote ndani ya kashe, na hivyo halionyeshi udhaifu wa kumbukumbu. Jaribio la matrix300, katika mkusanyiko wa SPEC wa mwaka 1989, lilipandishiwa alama mara kadhaa na programu za kutafsiri msimbo zilizogawa hesabu katika vipande vinavyotosha katika kashe. Vichakataji havikubadilika. Jaribio hilo liliachwa katika mkusanyiko wa mwaka 1992.

Mwaka 2022, Ryzen 7 5800X3D cha AMD kilikuja na kashe ya ngazi ya tatu ya megabaiti 96, ikilinganishwa na megabaiti 32 za 5800X cha mwaka 2020. Ingawa kasi yake ya juu ilikuwa gigahezi 4.5 dhidi ya 4.7, kilikishinda kitangulizi chake katika michezo mingi ya tarakilishi, kikashindwa kidogo katika majaribio ya kuchora taswira, ambayo hayahitaji kashe kubwa.

Athari kwa Mwanafunzi wa Kiswahili

Kuandika insha hakuhitaji mashine ya ajabu. Hali hubadilika mtafiti anapohesabu marudio ya maneno katika korpasi. Korpasi ya Kiswahili ya Helsinki, toleo la pili, ina takriban maneno milioni 25. Matini yake haiwezi kuenea katika kashe ya kipakatalishi cha kawaida. Hapo kasi ya kumbukumbu ndiyo huamua. Kipande kimoja cha RAM aina ya DDR4-3200 hupitisha hadi gigabaiti 25.6 kwa sekunde. Viwili vikiwekwa katika njia mbili hufikia 51.2, japo muda wa kungoja haupungui.

Hitimisho

Mnunuzi anapaswa kuuliza mambo matatu: jaribio lilitumia data ya ukubwa gani, kashe ina megabaiti ngapi, na RAM imewekwa katika njia ngapi. Jaribio lifaalo ni lile linalofanana na kazi atakayoifanya. Alama isiyoambatana na maelezo hayo haimtoshi kuamua atumie vipi fedha zake.